Nilimpa jirani riwaya, akaona nimempiga kijembe

Assalaam aleikum Shangazi,

Mimi ni msomaji wako wa Lamu, mtaa wa Langoni. Nina duka dogo la leso na manukato, na nyuma ya kaunta nimeweka rafu moja ya riwaya ambazo huwaazima wanawake wenzangu na vijana wachache wa mui. Sitozi senti. Nilianza na vitabu vyangu vya shule, kisha mgeni mmoja aliyekuwa amepanga Shela akaniachia katoni nzima alipohama, na tangu hapo kila anayekwenda Nairobi namwagizia. Nina daftari juu ya kaunta: jina la mtu, jina la kitabu, tarehe. Ijumaa baada ya alasiri tunakutana darini kwangu kuzungumza tulichosoma. Porojo ndiyo nyingi, siwezi kukuficha, lakini na vitabu hupata zamu yao.

Katika mizigo ya Nairobi kilikuja Under the Udala Trees cha Chinelo Okparanta, mwandishi aliyezaliwa Nigeria. Nilikitaka kwa sababu ya vita vya Biafra, vile vya wenyewe kwa wenyewe huko Nigeria, maana mimi riwaya za vita nazipenda. Ndani nikakuta kisa cha Ijeoma, msichana anayempenda msichana mwenzake, Amina. Shangazi, nimelelewa nyumba ambayo watu hawa wakitajwa, hutajwa kwa msonyo. Nilikisoma mpaka adhana ya alfajiri, na sikujua kwamba ningeweza kumlilia mtu kama Ijeoma.

Nikamfikiria jirani yangu, ambaye ukuta wake ndio ukuta wangu. Yeye hupenda visa vya mama na binti wasioelewana, na katika kitabu hiki mama na binti ndio hadithi yenyewe. Kwa kuwa sikutaka maneno, nilikifunga kwa gazeti, nikamtuma mwanangu akipeleke, na amwambie akisome akiwa peke yake.

Haikupita wiki akaja dukani uso umemuiva. Hakuketi. Akaniuliza, "Umesikia nini kuhusu kaka yangu?" Huyo kaka mimi simjui ila kwa salamu. Yuko Mombasa, mtu mzima, hajaoa, basi. Kumbe watu wamekuwa wakisema, na jirani akaona na mimi nimejiunga na wasemaji, tena kwa mlango wa uani. Nikamwapia. Hakusikia. Tangu hapo Ijumaa haji, na tukikutana kichochoroni ni salamu ya kupishana tu. Kitabu chenyewe hajarudisha. Mimi sioni nilipokosea. Nilimpa kitabu kizuri.

Kabla yake kiliazimwa na binti mmoja anayepaka hina maharusi. Alipokirudisha alisimama kwenye kaunta akikunja upya leso zilizokuwa zimekunjwa tayari, halafu akauliza, "Hakuna kingine kama hiki? Lakini ambacho hawafi." Nikamwambia hata humu hawafi wote. Akasema anajua, ndiyo maana anauliza. Sina kingine. Nikitafuta kwenye simu napata orodha ndefu za Marekani, watoto wa shule za bweni za huko na theluji, na majalada ambayo siwezi kuyafungua mume wangu akiwa ubavuni.

Sasa niambie: nitapataje riwaya mpya zenye watu hawa? Nitampendekezeaje mtu bila kuonekana nimemrushia jiwe? Na je, naweza kushikwa kwa kuwa navyo dukani?

Mwenye rafu, Langoni

Shangazi anajibu:

Waaleikumu salaam mwanangu,

Wewe unauza leso, kisha unashangaa jirani kaona ujumbe?

Hapo dukani kwako mwanamke akishika leso huanza kusoma jina kabla hajatazama rangi. Akiletewa ile yenye "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe", atakaa usiku mzima akiwaza nani kaileta, kwa nini jina hilo, na kwa nini wiki hii. Sasa wewe umechukua kitabu, umekifunga gazeti, umekipitisha kwa mkono wa mtoto, na juu yake agizo la kusoma peke yake. Kitabu hicho kiligeuka leso kabla hakijafunguliwa. Jina akalitunga jirani mwenyewe, kutokana na lile linalomuuma.

Kwa hiyo kuchagua ulichagua vyema. Kufunga ndiko kulikoharibu. Na naelewa ulifunga kwa nini, ulitaka kumsitiri. Lakini kitu kikisitiriwa hapa kwetu, watu huuliza kinasitiri nini.

Kwa jirani, usirudie kuapa. Kuapa mara ya pili kunamwambia kwamba lipo la kuapiwa. Nenda kwake kama unavyokwenda siku zote, ukiwa na sahani ya kitu, na kaka usimtaje kabisa, hata kwa wema, hata kwa kusema "mimi sina neno naye". Kaka wa mtu si kitabu cha Ijumaa. Mzungumzie yule mama wa Ijeoma, anavyomkalisha binti siku baada ya siku mbele ya Biblia akitafuta aya ya kumnyoosha, na muulize: yule mama unamwonaje? Mwambie ndiye aliyekufanya umkumbuke yeye, kwa kuwa hakuna mwingine darini kwako anayejua kumchambua mama wa riwaya kama yeye. Ni kweli, umeniandikia mwenyewe. Na kitabu usikidai. Mtu aliyetukanwa na kitabu hukirudisha siku hiyo hiyo, tena kwa kukitupa. Huyu bado anacho, na mimi nadhani bado anakisoma. Akifika mwisho atakuta yule mama si yule wa mwanzo, na huenda hilo likamsaidia kuliko lolote utakalomwambia wewe.

Sasa la kupendekeza. Unapompa mtu mmoja kitabu kimoja chenye mhusika wa aina hii, kimya kimya, unampendekezea mtu na si hadithi. Hata kama huna nia hiyo, ndivyo kitakavyopokewa. Pendekeza kwa sauti, mbele ya wote, kati ya vitabu vingine, na ukitaje kwa kile kinachokifanya kiwe kitamu. Ijumaa ijayo weka vitatu juu ya mkeka: kimoja cha upelelezi, kimoja cha ndoa, na hicho. Sema kila kimoja kina nini. Kila mtu ajichukulie. Anayekitaka atajua namna ya kukifikia, na asiyekitaka hatakuwa amelengwa.

Nikuonyeshe kwa mfano. Iko hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko, "Jambula Tree", iliyopata Tuzo ya Caine, ile ya hadithi fupi za Waafrika, mwaka 2007. Anyango anamwandikia Sanyu, aliyepelekwa London baada ya kufumaniwa pamoja chini ya mti. Mtaa ni wa nyumba za kupanga Kampala, na humo mna Mama Atim, jirani ambaye macho yake hayalali na mdomo haufungwi. Ukiileta darini usianze na wasichana. Anza na Mama Atim. Kila mmoja hapo atacheka na kutaja wa kwake, maana Langoni haikosi Mama Atim, wala Mkomani. Wakishacheka, waambie basi huyu ndiye aliyewafumania wasichana wawili, na hadithi ni ya mmoja anayemngoja mwenzake arudi. Hakuna atakayekuuliza kwa nini uliichagua.

Na hapa nikupe faida nyingine. Si wote darini kwako wanaosoma Kiingereza kwa raha, sivyo? Hadithi kama hii ni ya kurasa chache. Isome wewe, kisha wasimulie kwa Kiamu chenu, mwanzo mpaka mwisho. Bibi zetu hawakuazimana vitabu, na visa walivijua.

Sharti moja la mtu anayependekeza, na hili nalishikilia kwa meno: soma mpaka ukurasa wa mwisho kabla hujamwazima mtu, na umwambie kinachouma kiko wapi. Watu wa vitabu huogopa kuharibu utamu kwa kusema mwisho. Kwa riwaya hizi mimi siogopi. Chukua "Lihaaf" ya Ismat Chughtai wa India, iliyoandikwa kwa Kiurdu na kuchapishwa mwaka 1942. Kwa Kiingereza huitwa "The Quilt". Begam, yaani bibi wa nyumba kubwa, aliyetelekezwa na mume tajiri anafarijika kwa mtumishi wake wa kumkanda mwili, na anayesimulia ni mtoto aliyelala chumba hicho akiona kivuli cha mfarishi kinavyoruka ukutani kama tembo. Chughtai alishtakiwa Lahore kwa uchafu, na kesi ikaanguka kwa kuwa mashahidi walishindwa kuonyesha neno chafu hata moja. Hadithi yenyewe ina ufundi wa ajabu. Lakini ndani yake yule begam anamshikashika mtoto kwa namna isiyofaa, na mwanamke aliyewahi kufanyiwa hivyo utotoni akiangukiwa na ukurasa huo bila kuonywa, umemuumiza wewe uliyempa. Kwa hiyo onya. Maneno mawili yanatosha.

Hiyo "Lihaaf" na riwaya ya Naguib Mahfouz, Midaq Alley, ya mwaka 1947, zitakufaa pia siku mmoja wenu atakaposema haya yameletwa na Wazungu juzi. Kwa Mahfouz, ndani ya kichochoro cha Cairo, mmo Kirsha mwenye mkahawa, mume wa mtu, mwenye tamaa ya vijana wa kiume, na mtaa mzima unajua. Mahfouz hamtendei huruma kubwa, na mimi Kirsha simpendi hata kidogo. Lakini yumo, na Mzungu hakumleta.

Sasa binti wa hina. Swali lake ni la mtu aliyesoma sana, hata kama amesoma kitabu kimoja tu. Vifo hivyo vina historia. Marekani miaka ya 1950, mwandishi Marijane Meaker aliambiwa na mhariri wake kwamba riwaya yake Spring Fire, iliyotoka 1952 kwa jina la kubuni la Vin Packer, haiwezi kuisha kwa furaha: wasichana wakibaki pamoja, posta ingeweza kuuzuia mzigo wa vitabu kwa kuhimiza uovu. Mmoja akaishia hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwaka huo huo Patricia Highsmith alitoa The Price of Salt, naye pia kwa jina la kubuni, akawaachia wanawake wake wawili mlango wazi, na wasomaji wakamwandikia barua za shukrani kwa miaka. E. M. Forster, Mwingereza, aliandika Maurice mwaka 1913 na 1914 na akasisitiza kwamba mwisho wake lazima uwe mwema. Kwa sababu hiyo hiyo akaificha kabatini, ikachapishwa 1971, yeye akiwa ameshafariki. Kwa James Baldwin katika Giovanni's Room ya 1956, Giovanni anahukumiwa kifo. Kwa Alaa Al Aswany, Mmisri, katika The Yacoubian Building ya 2002, mhariri wa gazeti Hatim Rasheed anauawa. Vyote viwili ni vitabu vikubwa. Usimpe binti huyo kwa sasa.

Mpe kwanza hiyo ya Anyango na Sanyu, maana hakuna anayekufa na mwisho wake ni wa mtu kurejea. Halafu umtafutie Fairytales for Lost Children cha Diriye Osman, cha mwaka 2013. Huyu ni Msomali aliyezaliwa Mogadishu, familia yake ikakimbilia Nairobi wakati wa vita, kisha London. Hadithi zake zina Wasomali wa Nairobi na wa London, Waislamu, wenye mama zao, dua zao na aibu zao, na michoro humo amechora mwenyewe. Kwa msichana wa Lamu watu hao ni wa karibu kuliko wa shule ya bweni yenye theluji. Mwambie mapema kwamba kurasa za kitandani zimo, tena waziwazi. Kilipata tuzo ya Polari ya kitabu cha kwanza, Uingereza, mwaka 2014. Cha tatu kiwe God's Children Are Little Broken Things cha Arinze Ifeakandu, Mnigeria, hadithi tisa za wanaume wanaopendana, kilichotoka 2022 na kupata Tuzo ya Dylan Thomas mwaka uliofuata. Kina huzuni nyingi, sikufichi, lakini ni huzuni ya watu wanaoishi: baba anayezeeka, mpenzi anayeoa, chumba kinachohamwa.

The Death of Vivek Oji cha Akwaeke Emezi, cha 2020, ni kizuri mno na utakutana nacho katika kila orodha. Jina lake lenyewe limeshamjibu binti wako. Kikae rafuni.

Na usimuulize anasomea nini. Akitaka atasema. Anaweza kuwa anajitafuta, anaweza kuwa na rafiki, anaweza kuwa amechoshwa na riwaya za ndoa kwa kuwa kazi yake ni kukaa na maharusi kuanzia asubuhi. Kazi yako ni kitabu.

Utapataje vipya bila kuzama kwenye orodha za Marekani? Mimi hufuata uzi. Nikimpenda mwandishi mmoja natazama alikochapishwa mwanzo, nani mwingine yuko hapo, na nani alishindana naye. Ifeakandu, kwa mfano, nilimwona katika orodha fupi ya Tuzo ya Caine ya 2017, kabla hajawa na kitabu. Orodha hiyo huwa ya hadithi tano hivi na huwekwa kwenye intaneti bure, nawe unaweza kuzisoma zote kwa bando la siku. Magazeti ya hadithi ya mtandaoni pia: Lolwe, lililoanzishwa na Mkenya Troy Onyango, na Jalada la Nairobi. Ukiweza kununua kitabu kimoja tu cha kuanzia uzi, nunua mkusanyiko wa Queer Africa, uliohaririwa na Karen Martin na Makhosazana Xaba wa Afrika Kusini na kutoka 2013. "Jambula Tree" imo, na pamoja nayo waandishi wa nchi kadhaa za bara hili. Soma, weka alama kwa wawili watatu waliokugusa, kisha wafuate hao. Waliobaki waache, hata kama wamesifiwa.

Kwa Kiswahili rafu ni nyembamba, na inaniudhi. Sisi wenye mafumbo yote haya na mashairi yote haya, mhusika wa namna hii akitokea kwenye riwaya mara nyingi ni wa kupita mlangoni achekwe, kisha aondoke. Tazama kila mwaka matokeo ya Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, ile iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell, kwa kuwa miswada mipya ya Kiswahili hupitia hapo. Siku ikitokea, iwe ni darini kwako itakaposomwa kwanza.

Kuhusu simu. Programu ya StoryGraph, iliyotengenezwa na Nadia Odunayo, ina mahali ambapo wasomaji wenyewe hutaja kinachoumiza ndani ya kitabu: kifo, ubakaji, kufukuzwa nyumbani. Unaangalia kabla ya kununua. Goodreads ina wasomaji wengi zaidi, lakini rafu yako humo huonekana na wengine usipoingia kwenye mipangilio ukaifunga. Na kama vitabu vya simu mnanunua kwa akaunti moja wewe na mumeo, ujue majalada yatatokea kwake pia. Stetasi ya WhatsApp usiweke jalada la kitabu cha mtu aliyekiazima kwako, hata kwa kusifu.

Swali la sheria nalijibu kwa ufupi, na mimi si wakili. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, vifungu 162 na 165, inahusu vitendo vya kimwili, na Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Kusoma riwaya si kimoja cha vitendo hivyo. Kelele unazozikumbuka zilikuwa za filamu: Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyotokana na hiyo hiyo "Jambula Tree", ilipigwa marufuku Aprili 2018, na Septemba mahakama ikairuhusu ionyeshwe kwa siku saba, na kumbi za Nairobi zikajaa. Filamu hupita kwenye bodi ya serikali. Riwaya ya Biafra katika rafu ya duka la leso haipiti. Ila watoto wa shule usiwaazime hivi. Ni vitabu vya watu wazima, na mzazi akija juu atakuwa na haki yake.

Anayeweza kukudhuru wewe na wateja wako si askari. Ni lile daftari. Kila anayeingia kununua udi anaweza kuinama akasoma nani kaazima nini. Maktaba nyingi za maana zina desturi ya kufuta kumbukumbu kitabu kikirudi, na sababu ni hii hii. Vipe vitabu nambari, andika nambari ndani ya jalada kwa penseli, na kwenye daftari iwe nambari na jina la mtu tu. Kikirudi, kata mstari mpaka jina lisisomeke. Kurasa za zamani zichane uzichome na taka, leo. Rafuni navyo vikae katikati ya vingine, mgongo nje, bila gazeti wala karatasi. Mtu akishika cha Okparanta akauliza ni cha nini, jibu ni lile ulilonipa mimi: vita vya Biafra, na mama na binti yake.

Cha Osman huenda usikikute kwa urahisi madukani. Mwagize muuzaji wa Nairobi au wa Mombasa mapema, na uulize bei kabla ya kutuma pesa. Kikija kwa basi mpaka Mokowe, kiandikwe jina la duka lako na neno "vitabu". Kivushwe pamoja na katoni ya marashi, na ukichukue jetini mwenyewe, usimtume mtoto.

Shangazi